Vidato

Kutoka mlangoni kwangu mpaka barabara ya chini
ni vidato mia moja sitini na vitatu.
Sikuvihesabu mimi. Viliyahesabiwa magoti yangu
miaka thelathini na minane, mkoba begani:
barua za mapenzi, bili za gesi, wito wa mahakama,
na kadi za Krismasi za watoto walioko Uswidi
waliokwisha kusahau hata namba ya nyumba.

Hapa Valparaiso mji umening'inia kama nguo kambani.
Kuna kibanda cha reli kinachopandisha watu kwa sarafu chache.
Sikukipanda hata siku moja. Mtu wa posta
hapandishwi kilimani kama gunia la vitunguu.

Mpanda ngazi hushuka, husema wasemao.
Hawakusema kwamba kushuka ndiko kunakouma.
Likipanda, goti hulalamika.
Likishuka, hutoa ushahidi:
mchanga kwenye bawaba,
kha, kha,
majirani wakisikia.

Basi nikaacha kushuka.
Mkate niliuvuta kwa kamba na ndoo,
Benicio wa jirani akicheka kule chini.
Watu niliwaambia nasubiri mvua iishe.
Mvua iliisha Septemba.
Januari ikanikuta bado naisubiri.

Zahanati ikanipa binti mmoja, Millaray Huenchumil,
mikono baridi, viatu vya kukimbilia.
Aliinua picha ya mifupa yangu dirishani
kama mtu anayesoma barua isiyo yake.
"Gegedu limelika," alisema, "wala halitaota tena.
Lakini, don Abelino, misuli ya paja
haijui ulizaliwa mwaka gani."
Nilimwomba sindano. Akanipa kiti.

Kiti! Cha jikoni, chenye mguu mmoja mfupi.
Kaa. Simama. Bila kushika. Mara kumi.
Mimi niliyebeba kilo kumi na nne kilima kizima
nikashindwa na kiti mara ya sita.
"Umenirudisha kidato cha kwanza," nilinung'unika.
"Kuna mwingine wa kuanzia?" akauliza.

Asubuhi kiti, jioni kiti.
Mpira wa kijani umefungwa kwenye mguu wa meza.
Vidonge baada ya chakula, si kabla, tumbo nalo lina lake.
Empanada moja badala ya tatu,
na hilo lilinishinda kuliko kiti.
Kisha mkongojo: goti bovu ni la kulia,
fimbo ikae mkono wa kushoto.
Tulibishana wiki nzima. Elimu ni yake, goti ni langu.
Nikajaribu kwa siri, usiku, ukumbini,
na goti, msaliti yule, likamuunga mkono.

Maumivu hayakuondoka, nisiwadanganye.
Yamehamia chumba cha nyuma.
Usiku nayasikia yakikohoa.

Jumanne moja ya Machi nilifungua mlango.
Mguu mwema hupanda kwanza, mbovu hushuka kwanza:
alinikaririsha hivyo kama katekisimu.
Mbovu. Fimbo. Mwema.
Mbovu. Fimbo. Mwema.
Kidato cha arobaini, mbwa aliyewahi kunirarua soksi
alibweka mara moja tu, kwa heshima,
nami nikamvulia kofia.

Kidato cha tisini paja lilianza kutetemeka.
Bado sabini na vitatu, na kurudi kote.
Zamani ningeng'ang'ana.
Niligonga mlango wa Clorinda Astudillo,
ule wenye tundu la barua nililolisukuma
mpaka rangi yake ikaisha.

Alifungua, akatazama mikono yangu kwanza.
"Leo umeniletea nini?"
"Goti."
Akalikagua kwa muda, kama kifurushi kilicholoa.
"Mimi nina nyonga," akasema. "Haya, ingia nalo."